Nyuzi Nene za Mwalimu Obadia

Tangu niache kazi, vijana wangu mlioko barazani mmenipigia simu mara kumi, na mara tisa swali lilikuwa lile lile: mteja anataka nyuzi nene, tumwekee au tusimwekee? Mara ya kumi mlitaka kujua msasa uko wapi. Msasa uko kwenye droo ya chini, ulipokaa miaka yote. Hilo la nyuzi haliwezi kujibiwa kwa simu, hasa na watu ambao wakati naongea nasikia wanahakikisha mtandaoni kama ninachosema ni kweli. Kwa hiyo naandika. Someni pole pole, na msirukie mwisho kama mnavyorukia kazi.

Sitaandika nilivyopanda cheo, maana sikupanda popote. Benchi ni lile lile. Nitaandika nilivyoanza na aliyenifundisha, halafu habari ya mwalimu Obadia wa Msangano na mke wake Tusekile. Mnaijua nusu yake, ile inayonipamba. Mama huyo alikuwa mwanzishaji wa nyimbo kwenye kwaya yao, nafasi aliyoishika tangu hajaota mvi, na alikuwa karibu kunyang'anywa kwa sababu masikio yalianza kumwacha. Nyuzi nene zilikuwa njia pekee ambayo mumewe aliiona ya kumwokolea nafasi ile. Aliyeziweka ni mimi, na niliziweka kwa dharau. Hiyo ndiyo nusu msiyoijua.

Niliteremka Tunduma kutoka Mbozi nikiwa na miaka ishirini na miwili na cherehani ya kuazima. Nyumbani ni wakulima wa kahawa, watu wa kanisa, na hakuna aliyewahi kuwaza kwamba binti yao ataishia kuingiza mkono kwenye matumbo ya magitaa. Nilipata nafasi ya kushona kwenye baraza inayotazama foleni ya malori. Upande mmoja nilikaa mimi na vitenge vyangu, upande wa pili alikaa mzee wa Nakonde aliyetengeneza magitaa. Tulimwita Ba Mulenga, kwa heshima ya kwao. Kila asubuhi alivuka mpaka na chupa yake ya chai, jioni akarudi nayo, na kwa miaka yote niliyomfahamu hakuna siku aliyosifia chai ya upande wetu.

Viganja vya Ba Mulenga vilikuwa vikubwa mno, havikupita kwenye tundu la gitaa. Alikuwa akigundisha zile mbavu za ndani kwa kijiti kirefu, huku akibahatisha na kutukana. Siku moja alinitazama nikitunga uzi kwenye sindano.

"Wewe binti wa cherehani," alisema, "lete mkono."

Nilidhani anataka kushonewa kitu. Akanisogezea gitaa.

"Ingiza humo. Niambie unakuta nini."

Niliingiza. Nikapapasa vumbi, gundi iliyokauka, halafu kibao kilichocheza kama jino bovu.

"Ubavu mmoja umeachia, baba."

"Awe, mukwai," alikataa kwa lugha ya kwao. "Hiyo hata mbuzi anaisikia. Ubavu wa ngapi kutoka kwenye tundu?"

"Wa pili."

Akafumba jicho moja, akanywa chai, akasema, "Kesho usishone." Hiyo ndiyo barua yangu ya ajira. Kama mnatafuta nyingine kwenye makaratasi yangu, mtachoka bure.

Vifaa vyetu mmevirithi, na najua mnavicheka. Zile sindano zenye meno za kuchimbia mifereji ya nyuzi kwenye ule mfupa wa juu ya shingo ni za mafundi welda, za kuzibulia mdomo wa kuchomelea. Ba Mulenga alizipata kwa fundi wa malori kwa kubadilishana na kamba ya banjo. Kioo cha kuchungulia ndani kilitoka kwenye lori lililogongwa ubavuni. Vya kukazia wakati gundi inakauka ni mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa mikanda, na hakuna kibano cha kununua kilichowahi kunishinda nikiwa na mpira huo. Kijana mmoja wenu, sitamtaja, aliagiza vibano vya plastiki vyenye rangi ya chungwa. Vilivunjika wiki hiyo hiyo. Rangi yake ilikuwa nzuri, sikatai.

Mzee huyo alikulia na magitaa ya kuchonga yaliyofungwa nyaya za breki za baiskeli, kwa hiyo unene wa uzi alikuwa anaujua kwa vidole. Somo lake alilirudia mpaka nikawa naliota. "Uzi haupigi kelele," alisema. "Tumbo ndilo linapiga kelele. Uzi kazi yake kuvuta. Ukiweka mnene, unavuta zaidi. Mbavu zikiwa imara, tumbo litaongea zaidi. Zisipokuwa imara litapasuka, na hapo ndipo litaongea kuliko siku zote." Alitaka kila anayeomba nyuzi nene aulizwe maswali matatu kabla hata hajapewa kiti. Nani anapiga? Anapigia wapi? Anazikaza mpaka wapi? La tatu ndilo alilolipenda, kwa sababu, alisema, mawili ya kwanza watu hudanganya.

Alipochoka kuvuka mpaka, benchi likabaki kwangu, na hapo ndipo nilipoanza kuwajua wateja vizuri. Mteja wa Tunduma alikuwa anafika, ananiona nimekaa na gitaa mapajani, patasi mkononi, gundi hadi kwenye kiwiko, halafu anauliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Mwanzoni nilijieleza. Baadaye nikawa nasema fundi ameenda Nakonde, atarudi saa kumi, na wapo waliokaa wakamsubiri. Mmoja alisubiri mpaka nikafunga, akaniaga vizuri, akaniomba nimwambie fundi kwamba alikuja.

Na wote walitaka nyuzi nene. Nataka muelewe hilo, ili muelewe kosa langu. Alikuja kijana wa bendi ya baa, amevaa miwani ya jua kivulini, akasema, "Mama, niwekee zile za wanaume." Namba kumi na tatu, alimaanisha, zile nene za mwisho dukani. Nikamuuliza za sasa ni namba ngapi, akasema kumi, na zinamtosha, ila wenzake wanamcheka. Nikamwekea. Siku ya nne akarudi vidole vimechubuka, ananyonya kidole cha shahada kama mtoto, anauliza kama zipo za wanaume lakini laini. Alikuja mchungaji aliyetaka gitaa lizidi ngoma tatu na kinanda. Nikamshauri apunguze ngoma mbili. Alikunja sura, akasema ngoma zililetwa na wafadhili. Alikuja pia dereva wa lori aliyefunga gitaa lake waya wa klachi, shingo imepinda kama upinde, akataka nimweleze kwa nini linaumiza mkono.

Baada ya miaka mingi ya watu hao, nikaacha kuuliza maswali ya mzee. Nilijiona nishajua majibu. Anayetaka nyuzi nene anataka kuonekana, basi, na mimi kazi yangu ni kumkebehi kwanza halafu nimhudumie. Watu walikuwa wanakuja barazani kusikiliza nitakavyomsema mteja. Nilipenda. Nisiwadanganye, nilipenda sana.

Mwalimu Obadia alikuja asubuhi moja, miaka minne kabla sijaacha kazi. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, na gitaa lake lilikuwa ndani ya kiroba cha mbolea kilichofuliwa. Ametoka Msangano, bondeni kule kwenye joto, na alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Barazani walikuwepo dereva wa bodaboda na mbadilisha fedha mmoja ambaye hakuwa na la kufanya.

"Shikamoo, mama," alisema, ingawa tulilingana umri. "Naomba nyuzi nene kuliko hizi. Nene kabisa."

"Za nini, mwalimu?"

"Lisikike."

"Lisikike na nani?"

Akawatazama wale wawili, akanitazama mimi, akashusha sauti. "Lisikike tu, mama."

"Mwalimu," nikasema, na sauti nikaipandisha ili baraza lote lipate faida, "tangu nianze kazi hii sijapata mteja anayetaka gitaa lisisikike."

Wakacheka. Na yeye akatabasamu kidogo, lile tabasamu la mtu anayechekwa mbele za watu na hana pa kwenda. Ule mtazamo wake wa kabla ya hapo, wa kuwaangalia wale wawili, niliuona. Niliuhesabu kuwa ni wa mtu anayeficha majivuno. Kumbe alikuwa anamstahi mke wake. Hakutaka habari za masikio ya mama ziishie kwenye vijiwe vya bodaboda.

Gitaa lilikuwa la mbao nyembamba, lililozoea namba kumi na moja. Daraja lake, kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi, lilikuwa limeanza kunyanyuka kwa nyuma, na ukucha wangu uliingia chini yake. Mtu mwenye adabu angemwonyesha mteja ule ukucha. Mimi nikasema moyoni, atajua mwenyewe. Nikatanua mifereji ya nyuzi kwa zile sindano za welda, nikakaza kidogo kile chuma cha ndani ya shingo, nikafunga namba kumi na tatu, nikampa. Sikumuuliza anazikaza mpaka wapi. Kazi ya mkono ilikuwa safi kabisa, na nia yangu ilikuwa chafu.

Na jibu la swali lile nilikuwa nalijua, kwa sababu nimelelewa kwenye kwaya. Kwaya zetu huku hazipewi sauti na gitaa. Mwanzishaji ndiye anaanza, anapotaka yeye, na mpiga gitaa anamfuata. Mama anarudia mstari wa kwanza, mwalimu anazungusha vile vikazio vya kichwa cha gitaa kimoja kimoja, anasikiliza, anazungusha tena, mpaka gitaa limfikie mama. Wapigaji wengine wangesogeza mkono kwenye shingo, au wangeibana kwa kibano. Wetu wanakaza nyuzi. Wamekaza hivyo tangu babu zao, na wanaona anayetumia kibano ni mvivu. Kwa nyuzi nyembamba hilo hupita.

Sasa mchukue Tusekile. Masikio yanapungua, kwa hiyo anaimba kwa nguvu ili ajisikie, na kadiri anavyoongeza nguvu ndivyo sauti inavyopanda. Jumapili hii juu kidogo, Jumapili ijayo juu tena. Na mume, badala ya kumwambia mke wake mbele ya kanisa kwamba amepanda, anakaza. Wanakwaya wengine wanaimba shingo zimewatoka mishipa, wananung'unika. Mwenyekiti wa kwaya, mzee mmoja wa sauti ya tatu aliyejipenda sana, akaanza kusema mama apumzike. Huko ndiko nilikopeleka namba kumi na tatu, kwenye daraja linaloingia ukucha.

Lilidumu wiki mbili. Jumapili ya tatu, katikati ya wimbo wa pili, daraja liling'oka na kipande cha tumbo, kwa mlio kama wa mlango uliopigwa na upepo, na uzi mmoja ukamchapa mwalimu kidevuni. Kwaya ikanyamaza. Tusekile alikuwa mbele, amewapa mgongo, hakusikia mlio, hakusikia kwamba wenzake wameacha. Akaimba ubeti mzima peke yake. Watoto wakaanza kucheka, kisha wakubwa. Alipogeuka kuwapa ishara ya kiitikio ndipo alipoona mumewe anafuta damu na watu wamefunika midomo.

Siku hiyo hiyo mwenyekiti akatamka. Kwenye mkutano wa kwaya za kanda, mwezi mmoja mbele, mama ataanzisha wimbo mmoja tu, kwa kumheshimu. Akikosea huo, nafasi inakwenda kwa mwingine moja kwa moja.

Nililetewa gitaa na mama mwenyewe. Alipanda baraza na kiroba kifuani, mrefu, kitambaa cheupe kichwani, mumewe nyuma yake na plasta kidevuni.

"Fundi ni wewe?" Sauti yake ilisikika hadi kwenye malori.

"Ni mimi, dada. Karibu."

"Sikusikii. Nitazame ukisema."

Nikaweka patasi chini, nikamtazama. "Ni mimi."

"Mume wangu anasema uliweka vizuri, ila mbao ndiyo ilikuwa mbovu. Yeye ni mpole. Mimi natoka Ileje, kwetu hatuzungushi maneno. Nakuuliza hivi: ulijua?"

Mbadilisha fedha alikuwepo tena, bila shughuli kama kawaida yake, na alikuwa amesogeza kiti. Ningeweza kusema mbao. Ningeweza kusema joto la Msangano linalegeza gundi, na ingekuwa kweli. Mwalimu Obadia mwenyewe alikuwa ameshanifungulia mlango wa kutokea.

"Nilijua," nikasema.

"Hukumwambia kwa nini?"

"Nilidhani anataka kujionyesha."

Akamgeukia mumewe, akamtazama kuanzia kifungo cha juu hadi viatu, kisha akanirudia mimi. "Obadia? Huyu? Huyu akipiga chafya anaomba radhi kwa kuku."

Barazani wakacheka, na safari hii nilichekwa mimi. Acha niwaambie kinavyouma. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nimewasema wanaume miaka yote kwamba wananitazama na hawaoni fundi, kumbe mimi nimemtazama mtu mzima, mpole, ametoka mbali na vumbi lake, na sikuona mtu. Nikamwomba mwalimu radhi pale pale, kwa sauti ile ile niliyomchekea. Akasema hakuna neno. Mkewe akasema neno lipo.

Kisha akaketi kwenye stuli, akanieleza kilichomleta. "Zile wiki mbili, dada, nilizisikia. Si zote. Nyembamba zimenitoka, siku hizi naona vidole vyake tu vinatembea. Lakini ule uzi mnene kabisa niliusikia. Hapa." Akajigusa kifuani, chini ya koo. "Usiturudishie nyembamba. Ukiturudishia nyembamba nimekwisha."

Kwa hiyo mteja alikuwa sahihi. Mwalimu na elimu yake ya kwenye kwaya alikuwa ameona, kwa kumtazama mkewe tu, kile ambacho mimi na sindano zangu sikujisumbua kukiuliza.

Kazi ilichukua siku tisa. Sikilizeni, hapa ndipo penye manufaa. Niling'oa gundi yote ya zamani kwa maji ya moto na kisu butu. Pale tumbo lilipochanika niliziba kwa mbao ya umri ule ule, niliyoitoa kwenye gitaa lililokufa. Ndani, chini ya daraja, niliweka bamba la mninga, jembamba, pana kuliko lile la kwanza, ili mvuto usambae. Humo nilikuta na ubavu mmoja umeachia, nikaugundisha kwa mkono wangu mwenyewe, na ilikuwa mojawapo ya mara za mwisho mkono huu kupita kwenye tundu, maana vifundo vilishaanza kuvimba. Nikafunga yote kwa mikanda ya mpira wa baiskeli, nikayaacha. Hakuna aliyeruhusiwa hata kuliegemea benchi.

Siku ya kumi wakarudi wote wawili. Nikafunga namba kumi na tatu zile zile, lakini nikazishusha sauti moja na nusu kamili. Mwalimu akapapasa uzi, akashtuka.

"Zimelegea, mama. Hazitafifia?"

"Nyembamba zingefifia. Hizi zikishuka bado zina nguvu, na tumbo halivutwi kupita kiasi. Ukitaka kupanda, hiki hapa." Nikampa kibano nilichotengeneza kwa kipande cha penseli na mkanda wa mpira. Akakishika kwa ncha za vidole, na uso wake ukaonyesha wazi kwamba kwao hicho ni kitu cha wavivu.

Nikamwomba mama asimame karibu, aweke kiganja kwenye ubavu wa gitaa, juu, karibu na shingo. Mwalimu akapiga ule uzi wa chini kabisa. Niliuona mkono wa mama ukishtuka. Akapiga tena. Mama akafumba macho, akaanza wimbo, akakosa, kwa sababu ya mazoea akakimbilia juu. Na mkono wa mwalimu, wenyewe bila kutumwa, ukaenda kwenye vikazio ili umfuate.

Niliupiga kofi. "Mwalimu, ukigusa hivyo nitakukata vidole kwa msumeno huu."

"Nimezoea, mama."

"Wewe ndiye unayempoteza. Akipanda wewe unapanda. Atajuaje pa kurudi kama kila anapokwenda unamfuata?"

Aliinamisha kichwa, na nadhani alilia kidogo, lakini alikuwa na plasta na jasho, siwezi kuapa. Mama alikuwa bado amefumba macho, kiganja pale pale. Akaanza mara ya pili, akakosa kidogo. Mara ya tatu akatua. Sauti ilikuwa ya chini, nzito, yenye mikwaruzo, ya mwanamke wa umri wake, na haikuwa inahangaika. Mbadilisha fedha akaacha kuhesabu noti zake.

Kabla hawajaondoka nikatoa cherehani yangu ya zamani, nikakishonea kichwa cha gitaa kifuniko cha kitenge, nikakifunga kwa mishono ya kubana, ili mwalimu asipate hata upenyo wa kuingiza ukucha. Mama alikipenda kile kifuniko. Mwalimu alikitazama kama mtu aliyefungwa pingu.

Sijawahi kulifuata gitaa hadi kwa mwenyewe, ila hilo nililifuata. Siku ya mkutano nikateremka Msangano, nikakaa kanisani benchi la tatu kutoka mbele, jua linapiga bati, watu wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo. Kwaya zilipita moja baada ya nyingine, kila moja na mpiga gitaa wake anayekaza nyuzi utadhani anakaza nati za tairi la lori. Nilikunja mikono, nikawasonya kimya kimya.

Wakaitwa wa Msangano. Tusekile akasimama mbele, si katikati kama zamani, bali kando ya mumewe, kiganja ubavuni mwa gitaa. Mwalimu akapiga ule uzi. Mama akasubiri, akasubiri tena, halafu akaanza, chini, pale pale ulipo uzi, ubeti wa kwanza wote bila kutetereka.

Ikafika zamu ya kwaya kuingia. Walikuwa na siku kumi na tano tu za mazoezi ya sauti hii mpya, dhidi ya mwaka mzima wa kupanda. Mwenyekiti akavuta pumzi, akafungua kinywa, akaingia juu, kule kwa zamani, na nusu ya kwaya ikamfuata. Lilikuwa jambo baya kusikia. Watu wakaacha kujipepea. Nilimwona mwalimu akitupa jicho kwenye kile kifuniko cha kitenge, na vidole vya mkono wa kushoto vikacheza. Ninaamini kama si mishono yangu angekaza.

Tusekile hakusikia lolote. Hakuwa na habari kwamba kuna watu arobaini nyuma yake wanamvuta waende nao. Alikuwa na kiganja chake na uzi mmoja mnene, akaendelea kuimba alipo. Mwenye masikio angeyumba. Kila mmoja wetu mle ndani angeyumba. Basi ikawabidi wao washuke. Sauti ya pili ikashuka kwanza, kisha ya nne, kisha akina mama wa mbele, na mwisho kabisa, uso umemwiva kwa jasho, mwenyekiti. Kiitikio cha pili walikuwa wote kwenye sauti yake.

Walipomaliza, kanisa lilikuwa kimya. Tusekile akafumbua macho, akatutazama, na hakuweza kujua kimya kile ni cha aina gani. Akanitafuta kwenye mabenchi mpaka akanipata. Halafu akauliza, kwa sauti yake ile isiyojua udogo, kanisa zima likisikia, mwenyekiti akiwa hatua mbili nyuma yake:

"Dada, waliingia?"

Nikasimama, nikamtazama usoni ili anione midomo.

"Waliingia," nikasema. "Walichelewa, lakini waliingia."